Amplifaya inavuma nikitumia lupu ya efekti: tatizo ni kebo, adapta au amplifaya yenyewe?

MpigaSolo_Mwanza

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za kazi.

Ninapiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Mwanza, na kwa wiki tatu sasa ninahangaika na mvumo unaotoka kwenye amplifaya yangu kila ninapounganisha pedali kwenye lupu ya efekti. Amplifaya ni ya valvu (ile mirija ya kioo inayokuza sauti), wati 40, yenye spika moja ya inchi 12, na niliinunua ikiwa imeshatumika. Nyuma ina matundu mawili ya lupu: sendi, ambako sauti hutoka ikiwa imeshapita kwenye priampu (hatua ya kwanza ya kukuza sauti), na ritani, ambako sauti hiyo hurudi ili iende kwenye pawa ampu (hatua ya mwisho inayosukuma spika). Kati ya matundu hayo kuna swichi ndogo yenye alama za -10 na +4, ambayo sijawahi kuigusa kwa sababu sijui kazi yake.

Mpangilio wangu ni huu. Gitaa linaingia kwenye tuna (pedali ya kutunia nyuzi), kisha ovadraivu (ya kukwaruza sauti), kisha tundu la mbele la amplifaya. Kutoka sendi ninakwenda kwenye delei ya kidijitali (ya kurudiarudia sauti), kisha rivabu (ya mwangwi), halafu ninarudi ritani. Pedali zote nne zimekaa kwenye ubao mmoja na zinakula umeme wa adapta moja ya volti 9 yenye waya wa vichwa vitano. Kebo ya sendi na ya ritani zina urefu wa mita 6 kila moja.

Nikitumia pedali za mbele peke yake, amplifaya iko kimya. Nikitumia za lupu peke yake, kuna mvumo mdogo unaovumilika. Nikiunganisha za mbele na za lupu kwa pamoja, mvumo unakuwa mkubwa kiasi kwamba hata mpiga tumba anageuka kunitazama. Juu ya mvumo huo kuna sauti ya shhh kama mafuta yakikaanga, na ndani yake mlio mwembamba kama wa mbu ambao hubadilika ninapozungusha kitufe cha muda cha delei. Jambo jingine, ambalo sina hakika kama linahusika, ni kwamba hata nisipotumia lupu sauti hufifia yenyewe mwanzoni mwa mazoezi, nami nikiipiga amplifaya kofi ubavuni inarudi. Na wakati mwingine midomo hunichonyota nikigusa maikrofoni huku nimeshika gitaa.

Nimeshabadilisha kebo zote mbili bila mafanikio. Duka moja limeniambia ninunue pedali ya kukata kelele, na bei yake si ya mchezo. Naomba mnielekeze nianzie wapi kabla sijatoa hela.

---

BesiYaKona

Pole, mkuu. Mimi ni mpiga besi, na mwaka juzi nilikuwa na tatizo kama lako. Fundi mmoja aliitoa plagi yangu ule mguu mrefu wa juu, yaani wa ethi, na mvumo ukaisha siku hiyo hiyo. Ni kazi ya dakika tano na haigharimu kitu. Jaribu.

---

FundiValvu

Marahaba, kijana. Kabla sijagusa swali lako, naomba mtu yeyote asiufuate ushauri uliotangulia.

Ndugu yangu BesiYaKona, sibishi kwamba mvumo uliisha. Uliisha kwa sababu ethi ilikuwa inafika kwenye vyombo vyako kwa njia mbili, nawe ukakata moja. Bahati mbaya uliyoikata ndiyo iliyowekwa kulinda uhai wako. Nyuzi za gitaa zimeungwa na wavu wa nje wa kebo, wavu umeungwa na chasisi ya amplifaya, yaani fremu yake ya chuma, na chasisi imeungwa na ule mguu mrefu. Siku waya wa moto utakapogusa chasisi, fyuzi haitakatika kwa kuwa umeme hauna njia ya kushukia, na volti 230 zitakaa kwenye nyuzi zikisubiri mdomo wako uguse maikrofoni. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, aliuawa na umeme akiwa jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 alipogusa maikrofoni. Irudishe ethi yako leo, mvumo tutautafutia dawa nyingine.

Sasa nije kwako, MpigaSolo. Wewe unazungumzia kelele moja, lakini mimi nimesoma nne, na kila moja ina chanzo chake. Ndiyo maana kubadilisha kebo hakukusaidia, na pedali ya kukata kelele isingekusaidia pia: ingenyamazisha amplifaya wakati hupigi, kisha noti ya kwanza ingefungua mlango na kelele zote zingeingia pamoja nayo.

Tuanze na mvumo mkubwa. Unasema za mbele peke yake ni kimya, na za lupu peke yake zinavuma kidogo, lakini zikikutana balaa linaanza. Maelezo hayo yanatosha kabisa kumtaja mtuhumiwa, naye ni ule waya wa vichwa vitano. Fuata njia ya ethi kwa kidole: inatoka kwenye chasisi, inapita kwenye wavu wa kebo ya mbele hadi kwenye ovadraivu, inaingia kwenye waya hasi wa adapta, inatokea kwenye delei, kisha inarudi kwenye chasisi kupitia wavu wa kebo za lupu. Hilo ni duara kamili la shaba. Duara lolote la shaba lililo karibu na transfoma au nyaya za umeme wa nyumba huvuna mkondo kutoka katika usumaku unaolizunguka, na kadiri eneo lililomo ndani ya duara linavyokuwa kubwa ndivyo mavuno yanavyoongezeka. Mkondo huo ukipita kwenye wavu wa kebo huacha volti ndogo sana, ambayo amplifaya haiwezi kuitofautisha na sauti ya gitaa, kwa hiyo inaikuza yote kwa pamoja.

Uthibitisho wake ni wa bei ya betri mbili. Tuna na ovadraivu hazili umeme mwingi, kwa hiyo zitie betri za volti 9, chomoa vichwa vyake viwili vya adapta, na uiache adapta ilishe delei na rivabu tu. Usibadilishe kitu kingine chochote, wala usisogeze ubao. Mvumo ukikatika, umempata.

Ule mvumo mdogo unaobaki ukitumia za lupu peke yake ni duara lile lile kwa umbo dogo zaidi, kwa sababu kebo ya sendi na kebo ya ritani zote zina wavu unaofika kwenye chasisi moja. Kama kebo moja inapita kushoto kwa kiti cha mpiga ngoma na nyingine kulia, umetengeneza antena ya mita 6. Zilaze pamoja, uzifunge kwa tepe kila baada ya shubiri mbili, na uzipitishe mbali na adapta na nyaya za umeme. Zikilazimika kukatiza waya wa umeme, zikatize kama msalaba, zisilale sambamba nao.

Kwa sababu umenunua amplifaya iliyotumika, nataka pia tuhakikishe kwamba yenyewe ni nzima. Chukua plagi ya jeki isiyo na kebo, unga ncha yake na mwili wake kwa kipande cha waya ndani ya kifuniko, kisha ichomeke kwenye ritani bila kitu kingine chochote. Plagi hiyo inaitenga priampu, na sauti yoyote utakayoendelea kuisikia inatoka kwenye pawa ampu au kwenye sehemu ya umeme. Isikilize kwa makini, maana hapa sikio lako la mwanamuziki linafaa kuliko mita. Umeme wetu ni wa hezi 50, nao ukishapita kwenye rektifaya (kifaa kinachougeuza uende upande mmoja tu) hubaki na mtetemo wa hezi 100, ambao kapasita za kuchuja, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme na kuulainisha, zinapaswa kuuondoa. Tafuta gitaa jingine lililotuniwa vizuri, ulipige bila amplifaya, ubonyeze freti ya tatu ya uzi wa sita. Hiyo ni noti ya G, yenye hezi 98. Kama sauti ya amplifaya iko juu yake kwa kiasi kidogo tu, na mkipatana nayo unasikia mawimbi yakipanda na kushuka mara mbili kwa sekunde, basi una hezi 100, na kapasita za kuchuja zinaanza kukauka au valvu mbili za mwisho hazilingani. Kama sauti iko oktava nzima chini, ambako mpiga besi akibonyeza freti ya tatu ya uzi wake mnene hupata hezi 49, huo ni umeme ghafi wa hezi 50 unaopenya kutoka mahali fulani. Makala nyingi za mtandaoni huandika 60 na 120 kwa sababu umeme wa Marekani ni wa hezi 60. Ukizifuata kwa namba utatafuta noti ambayo huku haipo.

Ikidhihirika kuwa ni kapasita, usifungue mwenyewe. Amplifaya ya valvu hubeba volti 400 na zaidi, na kapasita hukaa nazo hata baada ya kuzima na kuchomoa plagi.

Kuhusu sauti kufifia hadi upige kofi, hilo linahusika sana. Katika lupu ya aina yako, usipochomeka kitu, sauti hupita kwenye kijibati kidogo ndani ya tundu la ritani. Kijibati hicho kikishika kutu au vumbi, sauti hukatika, hukwaruza au hufifia. Jaribu kuunganisha sendi na ritani kwa kebo fupi moja kwa moja. Sauti ikiimarika, ni kijibati. Chomoa amplifaya kwenye umeme, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi kwenye plagi ya jeki, uiingize na kuitoa kama mara ishirini, kisha uache ikauke. Nimeona watu wakitumia mafuta ya bawaba za milango. Hayo hunasa vumbi, na baada ya miezi miwili unarudi ulikotoka.

Sasa ile swichi. Alama ya -10 ni kiwango cha karibu volti 0.3, na +4 ni karibu volti 1.2, yaani mara 4 zaidi. Ikiwa kwenye -10, amplifaya inaipunguza sauti inapoitoa, kisha inaikuza tena inaporudi, na katika kuikuza inakuza pia shhh ya pedali zilizomo. Pedali nyingi ndogo zinahitaji -10, kwa sababu zikipewa +4 sauti hupasuka. Lakini baadhi ya delei za kidijitali zina uwezo wa kupokea +4. Tazama nyuma ya yako kama kuna kiteuzi cha kiwango. Kumbuka kwamba na rivabu iliyo mbele yake lazima istahimili.

Mlio wa mbu ni saa ya ndani ya delei, kama ulivyokwisha kuugundua mwenyewe bila kujua, kwa kuwa unabadilika na kitufe cha muda. Unapita kwenye waya wa adapta na kuingia kwenye pedali za jirani. Delei ipewe adapta yake.

---

MamaKinanda

Nawasalimu nyote. Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani, si fundi, lakini kuna sentensi moja ya MpigaSolo ambayo naona imepitwa: midomo kuchonyota.

Hilo lilitupata sisi kwa mwaka mzima, tukidhani ni kawaida ya maikrofoni. Mwishowe kijana wetu mmoja aliifungua eksteni tuliyonunua, yenye matundu matatu mazuri kabisa, akakuta ndani yake nyaya mbili tu. Tundu la ethi lilikuwa pambo. Kwa hiyo kabla ya kusema amplifaya yako ina ethi kwa kuwa plagi ina miguu mitatu, ipime eksteni ikiwa imechomolewa ukutani: weka mita kwenye alama ya mlio (ile ambayo mita hulia ncha zake mbili zikigusana), ncha moja kwenye mguu mrefu wa plagi ya eksteni na nyingine kwenye tundu la juu la soketi zake. Isipolia, hiyo si eksteni ya kuwekea vyombo vyenye mwili wa chuma. Na soketi ya ukutani nayo mwite fundi umeme aikague, kwa sababu nyumba nyingi waya wa ethi unaishia dukani. Wale mnaochomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, mnajijua.

Jambo la pili: amplifaya, ubao wa pedali na mikisa viwe vinatoka kwenye soketi moja au soketi jirani. Sisi kinanda kilikuwa ukuta wa madhabahu na mikisa ukuta wa mlangoni, na mvumo ulipungua sana tulipovuta umeme wa vyote kutoka mahali pamoja.

---

FundiValvu

Mama, ahsante. Sentensi hiyo niliisoma na jicho langu likaruka, nayo ilikuwa ya kwanza kujibiwa. MpigaSolo, anza na eksteni kabla ya hayo yangu yote.

---

MpigaSolo_Mwanza

Nimerudi na majibu, na niombe radhi kwa kuchelewa. Tulikuwa na harusi mbili.

Eksteni ilikuwa na nyaya mbili, kama Mama alivyosema. Mita haikulia kabisa. Nilipoifungua nilikuta kipande cha bati cha ethi kimekaa peke yake, hakijaguswa na waya wowote. Nimetengeneza nyingine kwa waya wa nyuzi tatu, fundi umeme amekagua soketi ya chumba cha mazoezi na kuiridhia, na midomo haichonyoti tena. Mvumo wa amplifaya haukubadilika sana kwa hilo, ila ulipungua ule mkwaruzo uliokuwa ukija nikiachia nyuzi za gitaa.

Jaribio la betri nililifanya mbele ya bendi nzima. Mvumo ulikatika kama mtu aliyezima feni. Nilipochomeka tena kichwa kimoja tu cha adapta kwenye ovadraivu, ukarudi papo hapo. Mpiga tumba akaniuliza kwa nini nilihangaika wiki tatu kwa kitu kinachoonekana hivyo, nami sikuwa na jibu.

Kebo za sendi na ritani nimezifunga pamoja kwa tepe, na ule mvumo mdogo umeshuka hadi nalazimika kuinamia spika ili niusikie. Kijibati cha ritani nimekisafisha. Dawa iliyotoka kwenye plagi ilikuwa nyeusi, na tangu siku hiyo sijaipiga amplifaya kofi. Delei ina kiteuzi cha kiwango nyuma, nimeiweka kwenye +4 pamoja na amplifaya. Shhh imepungua sana, lakini rivabu inapasuka nikipiga solo kwa nguvu, kwa hiyo kwa sasa nimeitoa kwenye lupu.

Ile plagi ya jeki ya kuchomeka kwenye ritani, yenye ncha iliyoungwa na mwili, nimeitengeneza pia. Kuna sauti ndogo inayobaki, na nimeilinganisha na G ya freti ya tatu: iko juu yake kidogo, na mawimbi ni mawili kwa sekunde kama ulivyosema. Je, niogope?

Swali la mwisho ni la fedha. Adapta yenye matokeo yaliyotenganishwa, yaani ambayo kila kichwa kina umeme wake usioungana na wa vingine, ni ghali kwangu kwa sasa, na siwezi kununua betri kila wiki. Nifanyeje?

---

FundiValvu

Hezi 100 inayosikika tu ukiinamia spika ni ya kawaida kwa amplifaya ya valvu; hakuna kuchuja kusikobakiza kitu. Itaje kwa fundi siku utakapobadilisha valvu, akague kapasita na ulinganifu wa valvu za mwisho. Ikianza kukua mwezi hadi mwezi, au ikisikika ukiwa umekaa kwenye kiti, ipeleke mapema.

Kuhusu fedha, huhitaji adapta kubwa ya ghali. Unahitaji adapta mbili ndogo za volti 9 zisizoungana: moja kwa pedali za mbele, moja kwa delei. Hakikisha zina ncha hasi katikati kama pedali zako zinavyotaka, na kwamba ya delei inatoa miliampia zisizopungua zilizoandikwa kwenye delei yenyewe, kwa maana pedali za kidijitali zina njaa kuliko ovadraivu. Mbu naye ataondoka kwa hatua hiyo hiyo. Ukiweza kupata za zamani zenye transfoma nzito ndani ni vizuri, lakini usiziweke karibu na kebo zako.

Kama mvumo wowote utabaki baada ya hapo, kuna njia ya mwisho: kwenye kebo ya sendi peke yake, fungua plagi ya upande wa pedali na ukate wavu usiguse mwili wa plagi, upande wa amplifaya uuache kama ulivyo. Delei itapata ethi yake kupitia kebo ya ritani, na duara litakuwa limekatwa mahali pasipo na hatari, kwa kuwa huo ni wavu wa sauti na si waya wa ethi ya umeme. Ifunge kebo hiyo tepe nyekundu. Mtu akiiazima na kuichomeka kwenye gitaa itavuma kuliko chochote ulichowahi kusikia, na lawama zitakuwa zako.

Rivabu iweke kwenye rafu mpaka utakapopata inayostahimili +4, au rudisha swichi na kiteuzi cha delei kwenye -10 uvumilie shhh. Mimi ningechagua delei safi bila rivabu. Ukumbi wa harusi una mwangwi wake.

---

BesiYaKona

Nimesoma yote mara mbili, na jana nilinunua plagi mpya ya ampia 13 nikaifunga mwenyewe, mguu wa ethi ukiwemo. Mvumo umerudi kama nilivyotarajia. Nina pedali tatu, mbili mbele na moja kwenye lupu, na adapta ni moja yenye waya wa vichwa vingi kama wa MpigaSolo. Kesho naanza na betri.